Mnyoofu juu ya uga upi? Namba zinapotazamwa kama vekta

Chukua namba changamano x + iy, ugeuze alama ya sehemu yenye i, iwe x − iy. Mgeuzo huu ni mnyoofu au si mnyoofu? Waulize wanafunzi wawili wa hisabati wa chuo kikuu, na usishangae mmoja akisema ndiyo, mwenzake akisema hapana, kisha kila mmoja akakuandikia uthibitisho usio na kasoro. Wote wako sahihi. Swali ndilo lenye pengo, kwa sababu halikutaja mgeuzo huo unapimwa kwa namba zipi.

Wanaoanza aljebra ya juu huteswa na jambo hili kuliko wanavyodhani. Wanasoma "mgeuzo mnyoofu" kana kwamba unyoofu ni sifa ya mgeuzo peke yake. Sivyo. Ni sifa ya mgeuzo pamoja na namba ulizoziruhusu ziwe skala, yaani namba za kuzidishia, na ukibadilisha skala, jibu nalo laweza kubadilika.

Tuweke maana mezani. Uga ni seti ya namba ambamo unajumlisha, unatoa, unazidisha na unagawanya (isipokuwa kwa sifuri) bila kutoka nje ya seti hiyo. Namba wiano, yaani sehemu kama 3/7 na −5/2 pamoja na namba kamili zote, ni uga, tuuite Q. Namba halisi ni uga mwingine, R, na namba changamano ni uga C. Namba kamili peke yake si uga, maana 1 ukiigawanya kwa 2 umeshatoka nje. Uga mkubwa unaobeba mdogo ndani yake huitwa upanuzi wa ule mdogo. C ni upanuzi wa R. Mfano mwingine, ambao tutautumia sana, ni Q(√2): namba zote za umbo a + b√2, ambapo a na b ni namba wiano.

Sasa fanya jambo linaloonekana la kipuuzi: sahau kwa muda kwamba namba za Q(√2) huzidishana. Bakiza vitendo viwili tu, kujumlisha namba hizo zenyewe kwa zenyewe na kuzizidisha kwa namba wiano. Kilichobaki mkononi ni nafasi vekta. Namba a + b√2 ni vekta yenye vijenzi a na b, msingi wa nafasi hiyo, yaani vekta chache zinazojenga nyingine zote, ni 1 na √2, na daimensheni yake, yaani idadi ya vekta za msingi, ni 2. Vivyo hivyo C juu ya R ina daimensheni 2, kwa msingi 1 na i. Lakini C juu ya C ina daimensheni 1, kwa kuwa 1 peke yake inatosha kuzaa namba zote ukiruhusiwa kuizidisha kwa namba changamano yoyote. Seti ni ileile, kama mtu yuleyule anavyokuwa baba nyumbani na karani kazini.

Mgeuzo T ni mnyoofu juu ya uga K ikiwa T(u + v) = T(u) + T(v), na tena T(cu) = cT(u) kwa kila c iliyomo ndani ya K. Ugomvi wote umo katika maneno "kwa kila c iliyomo ndani ya K". Kuakisi, yaani ule mgeuzo wa x + iy kuwa x − iy, kunatimiza masharti yote mawili c ikiwa namba halisi. Jaribu c = i: ukiakisi i mara 1 unapata −i, lakini i mara akisi ya 1 ni i. Basi kuakisi ni mgeuzo mnyoofu juu ya R na si mnyoofu juu ya C. Mwanafunzi wa kwanza alikuwa akifikiria R, wa pili C.

Turudishe kuzidisha tulikokuweka kando, ila sasa kurudi kwa sura mpya. Shika namba moja ya Q(√2), tuseme α = a + b√2, kisha izidishe na kila namba ya uga huo. Huo ni mgeuzo mnyoofu juu ya Q, na kwa kuwa tuna msingi, una matriksi yake, yaani jedwali la namba linaloonyesha kila vekta ya msingi inakwenda wapi. Namba 1 inakwenda kwenye a + b√2. Namba √2 inakwenda kwenye 2b + a√2. Kwa hiyo safu mlalo ya kwanza ya matriksi ni (a, 2b) na ya pili ni (b, a). Kila namba ya uga imepata matriksi yake, na kuzidisha namba mbili ni sawasawa na kuzidisha matriksi zao.

Faida inaonekana mara moja. Determinanti ya matriksi hiyo ni a² − 2b², na jumla ya mshazari wake ni 2a. Ya kwanza huitwa nomu ya α, ya pili huitwa trasi. Determinanti ya zao la matriksi mbili ni zao la determinanti zao, kwa hiyo nomu ya zao ni zao la nomu. Ndiyo maana namba mbili za umbo a² − 2b² zikizidishwa hutoa namba ya umbo hilohilo. Brahmagupta wa India aliandika kanuni hii mwaka 628, bila matriksi, na kwa namba yoyote badala ya 2. Chukua 3 + 2√2, ambayo nomu yake ni 9 − 8 = 1. Mraba wake ni 17 + 12√2, na nomu lazima ibaki 1: 289 − 288. Zidisha tena kwa 3 + 2√2 upate 99 + 70√2. 9801 − 9800 ni 1 pia. Na 99/70 ni 1.41428…, karibu sana na √2 ambayo ni 1.41421…

Pale ambapo mtazamo huu unalipa zaidi ni kwenye kugawanya. Sekondari tulifundishwa kuondoa kipeuo kwenye asili ya sehemu: 1/(3 + √2) unazidisha juu na chini kwa 3 − √2, kazi imekwisha. Ujanja huo ni mzuri kwa vipeuo vya pili, lakini mpe mtu aliyeukariri asili yenye vipeuo vya tatu na atakwama. Weka t = ∛2 na utafute 1/(2 + t + t²). Uzidishe kwa nini? Hakuna alama ya kugeuza.

Kwa mgeuzo mnyoofu huhitaji ujanja wowote. Uga Q(t) una msingi 1, t, t², na t³ ni 2. Tunatafuta x + yt + zt² ambayo ikizidishwa na 2 + t + t² itoe 1. Fungua mabano, t³ iwe 2 na t⁴ iwe 2t, kisha kusanya. Sehemu isiyo na t inadai 2x + 2y + 2z = 1. Sehemu yenye t inadai x + 2y + 2z = 0. Sehemu yenye t² inadai x + y + 2z = 0. Toa mlinganyo wa tatu kwenye wa pili: y = 0. Basi x = −2z, na mlinganyo wa kwanza unatoa z = −1/2 na x = 1. Jibu ni 1 − t²/2. Hakiki kwa kikokotoo ukipenda, pande zote mbili ni takriban 0.2063.

Na hata kabla ya kuanza kukokotoa tulikuwa na hakika kwamba jibu lipo. Kuzidisha kwa α isiyo sifuri hakuwezi kuifanya namba isiyo sifuri iwe sifuri. Katika nafasi vekta yenye daimensheni yenye kikomo, mgeuzo mnyoofu usioangamiza vekta yoyote isipokuwa sifuri lazima uifikie kila vekta, ikiwemo vekta 1. Kile kinachofikia 1 ndicho 1/α. Hoja hii ina mistari mitatu na inathibitisha kwamba Q(t) kweli ni uga, jambo ambalo watu wengi hulithibitisha kwa njia ndefu ya kugawanya polinomia.

Zawadi nyingine ya matriksi ni kutafuta mlinganyo ambao namba fulani inautimiza. Chukua √2 + √3. Msingi ni 1, √2, √3 na √6. Ukizidisha kila mmoja kwa √2 + √3 unapata, kwa mfuatano, √2 + √3, kisha 2 + √6, kisha 3 + √6, kisha 3√2 + 2√3. Hiyo ni matriksi ya nne kwa nne yenye namba kamili tupu, na polinomia yake bainishi, yaani determinanti unayoipata ukitoa matriksi hiyo kwenye matriksi yenye x mshazarini na sifuri kwingineko, ni x⁴ − 10x² + 1. Nadharia ya Cayley na Hamilton, ambayo Arthur Cayley aliitangaza mwaka 1858, inasema kila matriksi huitimiza polinomia yake bainishi. Matriksi yetu si kitu kingine ila √2 + √3 iliyovaa sura ya matriksi, kwa hiyo √2 + √3 yenyewe inaitimiza polinomia hiyo. Angalia: mraba wake ni 5 + 2√6, kipeo chake cha nne ni 49 + 20√6, na 49 + 20√6 − 50 − 20√6 + 1 ni sifuri. Njia hiyohiyo inaonyesha kwamba jumla na zao la namba mbili zinazotimiza milinganyo ya namna hii nazo hutimiza mlinganyo wa namna hii. Kwa mkono wa kawaida, hilo ni jasho.

Hadi hapa tumetumia kuzidisha tu. Je, kila mgeuzo mnyoofu wa upanuzi juu ya uga mdogo ni kuzidisha kwa namba fulani? Hesabu daimensheni. Upanuzi ukiwa na daimensheni n, migeuzo yake yote minyoofu ni matriksi za n kwa n, kwa hiyo inajaza nafasi ya daimensheni n². Migeuzo ya kuzidisha inajaza n tu, maana kila mmoja unatokana na namba moja ya uga. Kwa C juu ya R ni mbili kati ya nne. Hizo mbili zilizobaki ni zipi?

Jibu ni kuakisi. Mgeuzo wowote ulio mnyoofu juu ya R kutoka C kwenda C unaandikika, kwa namna moja tu, kama αz + βz̄, ambapo z̄ ni akisi ya z. Ukiwa na p, yaani mahali mgeuzo unapoipeleka 1, na q, yaani mahali unapoipeleka i, basi α ni (p − iq)/2 na β ni (p + iq)/2. Mgeuzo unaobakiza sehemu halisi tu, kwa mfano, ni nusu ya z jumlisha nusu ya z̄. Na mgeuzo ni mnyoofu juu ya C pale tu β inapokuwa sifuri. Aliyewahi kusoma uchanganuzi wa namba changamano atakitambua kitu: sharti kwamba β iwe sifuri ndilo milinganyo ya Cauchy na Riemann. Ile milinganyo miwili ya kuchosha ambayo watu huikariri kabla ya mtihani haidai chochote zaidi ya hili: mgeuzo wa karibu kabisa na nukta uwe mnyoofu juu ya C, isiwe juu ya R peke yake.

Jambo hilo si la C pekee. Upanuzi wenye daimensheni n ukiwa na migeuzo n ya ndani inayohifadhi kujumlisha na kuzidisha na kuuacha uga mdogo bila kuugusa, basi kila mgeuzo mnyoofu ni mchanganyiko wa migeuzo hiyo, kila mmoja ukizidishwa kwa namba yake. Wazo hili limetoka kwa Richard Dedekind na likanyooshwa na Emil Artin. Tahadhari hapa ni muhimu: sharti la kuwa na migeuzo n si la bure. Q(∛2) una daimensheni 3 lakini mgeuzo wake wa namna hiyo ni mmoja tu, ule usiobadilisha kitu, kwa sababu vipeuo vingine viwili vya tatu vya 2 ni namba changamano zisizomo ndani ya uga huo. Migeuzo minyoofu tisa ya msingi ipo, ila huwezi kuipata yote kwa njia hii bila kwanza kuupanua uga.

Sasa twende kwenye nyuga ambazo idadi ya namba zake ina kikomo, ambako swali la "juu ya uga upi" limeacha kuwa la kitaaluma. Uga mdogo kuliko zote una namba mbili, 0 na 1, ambamo 1 + 1 = 0. Uga wa namba 256 ni upanuzi wake wa daimensheni 8, kwa hiyo kila namba yake ni biti nane, yaani baiti moja. Ndani ya uga huo (a + b)² ni a² + b², kwa kuwa 2ab inatoweka. Na skala ni 0 na 1 tu, ambazo miraba yake ni zenyewe. Kwa hiyo kupandisha kipeo cha pili ni mgeuzo mnyoofu juu ya uga wa namba mbili! Grafu ya x² tuliyochora shuleni imepinda, lakini hapa x² ni matriksi ya nane kwa nane ya sifuri na moja. Juu ya uga wa namba 256 wenyewe, bila shaka, si mnyoofu.

Nani anajali? Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, walijali. Mfumo wao wa usimbaji fiche ndio ulioidhinishwa na Marekani mwaka 2001 kuwa kiwango cha AES, na leo unalinda miamala na mazungumzo mengi mtandaoni. AES inafanya kazi na baiti kama namba za uga huo wa 256. Hatua zake kadhaa ni minyoofu: mojawapo huzichanganya baiti kwa kuzizidisha kwa namba za uga huo zinazoandikwa 1, 2 na 3 (hapa 2 ni jina la baiti 00000010, si 1 + 1). Lakini hatua zote zingekuwa minyoofu juu ya uga wa namba mbili, mfumo mzima ungekuwa matriksi moja kubwa pamoja na mchango wa ufunguo uliojumlishwa mwishoni. Mshambuliaji mwenye ujumbe mmoja na umbo lake lililosimbwa angeuzidisha ujumbe kwa matriksi hiyo, atoe zao kwenye umbo lililosimbwa, apate mchango huo wa ufunguo, kisha asome kila kitu kingine.

Lazima basi pawe na hatua moja isiyo nyoofu. Mtu asiyeuliza "juu ya uga upi" angeweza kuchagua kipeo cha pili, au cha nne, au cha 128, akiamini amepinda mambo vya kutosha, na mfumo wake ungevunjika kwa milinganyo ya kawaida. Migeuzo yote iliyo minyoofu juu ya uga wa namba mbili tunaijua: ni michanganyiko ya x, x², x⁴, x⁸, na kuendelea hadi x¹²⁸, kila kimoja na kizidishi chake. Vizidishi ni vinane, kila kimoja kikiwa na chaguo 256, na jumla yake ni 2⁶⁴, sawasawa na idadi ya matriksi za nane kwa nane za sifuri na moja. Hakuna mwingine uliobaki nje. Daemen na Rijmen walichagua kugeuza x kuwa 1/x (na sifuri ibaki sifuri), ambayo ndani ya uga huu ni x²⁵⁴. Kipeo 254 hakimo kwenye orodha.

Nimeacha mwisho mfano ninaoupenda kuliko yote, wa R juu ya Q. Daimensheni yake haina kikomo, na migeuzo yake minyoofu juu ya Q ni jamii ya ajabu. Mwaka 1821 Cauchy alionyesha kwamba mgeuzo wa R wenye f(x + y) = f(x) + f(y), ukiwa hauna mkatiko, lazima uwe wa kuzidisha kwa namba moja. Mwaka 1905 Georg Hamel akaonyesha kwamba sharti la kutokuwa na mkatiko likiondolewa, hutokea migeuzo ambayo grafu yake imetapakaa karibu na kila nukta ya bapa zima. Wengi huishia hapo, wakiiona kama maonyesho ya vioja.

Lakini ndugu wapole wa vioja hivyo walimaliza tatizo la jiometri. Mwaka 1900 David Hilbert aliuliza kama maumbo mawili yenye nyuso bapa na ujazo sawa yanaweza siku zote kukatwa vipande na lile la kwanza kuungwa upya liwe la pili. Mwanafunzi wake Max Dehn alijibu kwamba hapana. Kwa lugha ya leo, hoja yake ni hii. Chagua mgeuzo f ulio mnyoofu juu ya Q, wenye f(π) = 0. Kwa kila umbo, chukua kila ukingo, zidisha urefu wake kwa f ya pembe iliyo kati ya nyuso mbili zinazokutana hapo, kisha jumlisha. Ukikata umbo kwa bapa, ama pembe inagawanyika, ama ukingo unagawanyika kwa urefu, na f inajumlisha vyote barabara. Kingo mpya zinazozaliwa na kisu zina pembe zinazojumlika kuwa π au 2π, na f inazifuta. Jumla haibadiliki.

Mchemraba una pembe π/2 kila mahali, na f(π/2) ni nusu ya f(π), yaani sifuri, kwa hiyo jumla yake ni sifuri. Piramidi ya nyuso nne za pembetatu zenye pande sawa ina kingo sita, na pembe θ ambayo kosaini yake ni 1/3. Kosaini ya nθ ni sehemu yenye asili 3 kwa kipeo cha n na kiasi kisichogawanyika kwa 3, kwa hiyo haiwi 1 wala −1 kamwe, na θ si namba wiano mara π. Basi θ na π haziko kwenye mstari mmoja juu ya Q, na tuna uhuru wa kuweka f(π) = 0 huku f(θ) = 1. Wala hatuhitaji msingi wa kutisha wa Hamel, yaani msingi wa R nzima juu ya Q. Inatosha kuifafanua f kwenye nafasi inayozalishwa na pembe chache zinazotokea katika ukataji husika, ambayo daimensheni yake ina kikomo. Jumla ya piramidi ni urefu wa kingo zake sita, na hiyo si sifuri. Hakuna ukataji utakaoifanya kuwa mchemraba.

Sasa jaribu hoja hiyohiyo ukidai f iwe mnyoofu juu ya R. Kwa kuwa kila pembe ni namba halisi mara π, f(π) = 0 ingelazimisha f kuwa sifuri kila mahali, piramidi na mchemraba vingepata sifuri sawa, na Dehn asingekuwa na la kusema.